Kamene, Aliyejua Watoto wa Gorila Wakiacha Kucheza

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Mideva, niko studioni hapa Kibera, na leo sitawaficha kitu: nimekuja na hasira. Saa kama hii huwa tunawakumbuka waliotutoka kwa sauti ya chini, tunaweka wimbo mmoja, tunapumua, tunaendelea. Leo wimbo nimeuacha. Nataka mumsikie mtu.

Mtu huyo ni Kamene Muia. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Aliishi mtaa wa Kongo, kule Kawangware, na kwa miaka kumi na minne alifanya kazi katika bustani moja ya wanyama ya watu binafsi, upande wa Ngong. Wakili wetu ametushauri tusiitaje jina, kwa hivyo nitaiita bustani tu. Wenyewe wanajijua.

Kamene alifariki mwezi wa saba mwaka huu. Siku mbili baadaye bustani iliandika mistari miwili kwenye ukurasa wake wa mtandao. Nawasomea kama ilivyo: "Tunasikitika kumpoteza mmoja wa vibarua wetu wa usafi. Tungependa kufafanua kwamba marehemu hakuhusika na utunzaji wa gorila."

Hakuhusika. Wasikilizaji, lishikeni hilo neno, halafu mnifuate.

Kamene alizaliwa karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, kitinda mimba wa Mzee Muia na Mama Ngina. Shule aliiacha darasa la sita, mwaka ambao mvua ilikataa kabisa na mbuzi wakafa mmoja mmoja. Kaka yake, Wambua, ambaye nilizungumza naye kwa simu, anamkumbuka akiwa mtoto wa kukaa kimya akiangalia.

"Tulikuwa tunachunga pamoja," Wambua aliniambia. "Mimi nalala chini ya kivuli, yeye hapana. Anaangalia mbuzi. Jioni anamwambia baba, yule mweusi kesho atakuwa mgonjwa. Na kweli, kesho yake yule mweusi hali. Baba alikuwa anamwogopa kidogo."

Alikuja Nairobi akiwa na miaka ishirini na miwili. Alifua nguo za watu Riruta, akauza mboga, akazaa binti yake wa pekee, Yvonne, na akamlea peke yake kwenye chumba kimoja Kongo. Yvonne sasa ana miaka ishirini na minne, anasuka nywele katika saluni moja hapo Riruta. Kisha jirani akamwambia kuna bustani inatafuta watu wa kufagia. Kamene akaenda. Akapewa ufagio na gambuti zilizomzidi miguu.

Miaka mitatu alifagia njia za wageni. Mwaka wa nne, mtu aliyekuwa akiwatunza gorila aliacha kazi ghafla, na asubuhi hiyo hakukuwa na wa kuwapa chakula. Wakamwita Kamene, ashikilie siku ile tu. Siku ile ikawa miaka kumi na moja. Lakini karatasini, wasikilizaji, hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Karatasini alibaki kibarua wa usafi.

Familia ile ya gorila ilikuwa na dume mkubwa, mgongo wake mweupe kama aliyemwagiwa majivu, aitwaye Jabali. Kulikuwa na majike wawili, mmoja wao Zuhura, na huyu Zuhura akazaa watoto wawili pale pale bustanini, Kamene akiwepo. Kwenye kibao cha wageni watoto wana majina ya Kizungu. Kamene aliwapa yake. Wa kwanza, wa kiume, alimwita Mutinda, ambalo kwa Kikamba ni jina la mtoto aliyekawia kuzaliwa. Wa pili, wa kike, alimwita Mwende, yaani anayependwa. Mwaka huu Mutinda ana miaka mitano, Mwende ana mitatu.

Na hawa watoto, wasikilizaji wapendwa, walikuwa wanacheza. Kazi yao ilikuwa hiyo. Na kazi ya Kamene, ambayo hakuna aliyemtuma, ilikuwa kuwaangalia wakicheza.

Hakuingia kwao ndani. Jabali ana uzito wa wanaume watatu, na mtu mwenye akili hukaa upande wake wa wavu. Alikaa nje ya wavu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na daftari la hesabu, lile la vimraba, gotini. Aliandika kwa kalamu ya wino alichokiona. Nimeyashika madaftari yake kwa mikono yangu hii. Nimesoma.

Anaandika kwamba Mutinda hunyoosha mikono akajizungusha, akajizungusha, mpaka kizunguzungu kinamwangusha chali, kisha anashika nyayo zake na kujibembeza. Anaandika kwamba Mwende huvaa gunia kichwani na kutembea kama kipofu mpaka amgonge kaka yake, na hapo vita vinaanza. Anaandika mchezo wa kumpiga baba mgongoni na kutoroka. Wanamnyemelea Jabali akiwa amefumba macho, wanampiga kofi, wanakimbia. Jabali anajifanya kalala. Siku moja hakujifanya. Alinyoosha mkono mmoja bila kugeuka, akamshika Mutinda mguu, akamning'iniza kichwa chini huku mkono wa pili ukiendelea kumenya muwa. Mutinda akacheka.

Ndiyo, gorila anacheka. Kamene ameeleza. Hakitoki kicheko cha sauti kama chetu. Ni pumzi, heh heh heh, kama mtu aliyepanda mlima mbio. Na mdomo unakuwa wazi, lakini midomo imefunika meno. Meno yakifunikwa, huo ni mchezo. Meno yakionekana, ondoka hapo.

Kuna ukurasa nimeurudia mara nyingi. Mutinda ni mkubwa, angeweza kumwangusha dada yake kwa mkono mmoja. Lakini wakipigana mieleka, alikuwa analala chini mwenyewe ili mdogo ampande kifuani. Kamene ameandika: "Leo Mutinda ameanguka makusudi mara nne. Mwende akijua anaachiwa, anamuuma sikio."

Mwenzake kazini alikuwa Jeconia, baba wa watoto wanne, mkaazi wa Mashimoni hapa Kibera. Yeye anatunza swala na nyani kwenye bustani hiyo hiyo. Nisahihishe: alikuwa anatunza. Mtasikia.

"Kamene alikuwa anajua hao watoto kuliko vile mimi najua wangu," Jeconia aliniambia. "Tukikula lunch, watu wanaongea mambo ya mpira, yeye anatuambia, leo Mwende amejifunza kurusha tairi. Tunamcheka. Lakini kesho yake unapita hapo makusudi uone hiyo tairi."

Jumapili baada ya kanisa alikuwa anashuka Mashimoni kumsalimia Filister, mke wa Jeconia. Filister anasimulia siku watoto waliokuwa wamepanga foleni ya maji, na mitungi yao, walimzingira Kamene wakitaka awaonyeshe jinsi Mutinda anavyojizungusha. Mama wa watu, na gauni la kanisa, akanyoosha mikono pale pale mbele ya kibanda cha maji. Akazunguka, leso ikaruka, akaketi chini kwa kishindo. Watoto wote wakaanza kuzunguka, mitungi ikabiringika, na mwenye maji akafunga mfereji kwanza acheke.

"Nilimwambia, mama Yvonne, wewe sasa umekuwa gorila," Filister alisema. "Akaniambia, hapana, gorila wananizidi. Wao hawaangukangi vibaya hivi."

Sasa tuje kwenye mwezi wa saba. Mnaijua baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba, jua linasahau mji mzima. Wiki hiyo shule kadhaa zilikuwa zinaleta watoto bustanini, na watoto wengi walikuwa na mafua. Gorila huambukizwa mafua yetu upesi sana, na yakishuka kifuani huwaua. Hilo si siri, limeandikwa kwenye kibao pale langoni.

Jumatatu, daftari linasema, watoto wa gorila wamecheza mara kumi na nne. Jumanne, mara tano. Jumatano, Kamene amechora duara. Sufuri. Chini yake ameandika: "Mutinda amemletea Mwende gunia. Mwende ameangalia pembeni. Mutinda amelala juu ya gunia."

Alikwenda kwa meneja. Meneja anaitwa Jeremy. Jina hilo nalitaja kwa sababu yeye mwenyewe amelitaja kwenye mtandao mara nyingi. Kamene alimwambia watoto hawachezi. Meneja akamwambia ni baridi, watacheza tu. Kamene akarudi kwenye ndoo yake. Alhamisi asubuhi hawakucheza tena, na basi la shule likaingia, watoto sitini, wengine wakipenga kamasi.

Hapo Kamene alifanya jambo. Alifunga lango dogo ambalo wageni huingilia upande wa gorila, akatoa ufunguo, akauvaa shingoni na kamba. Jeconia alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo na toroli la majani. Meneja akaja, na haya mazungumzo yao Jeconia ameyasikia kwa masikio yake.

"Kamene, fungua."

"Sifungui."

"Watoto wa watu wamengoja. Fungua."

"Hawa wa ndani ni wagonjwa."

"Umewaona wakikohoa?"

"Sijaona wakikohoa. Nimeona wakikosa kucheza. Siku mbili sasa."

"Yaani unataka nifungie wageni juu gorila hachezi? Kamene, wewe ni mtu wa kufagia."

"Ndiyo. Ita daktari."

"Na nikikufuta kazi?"

"Nifute. Lakini daktari afike kwanza."

Jeconia anasema meneja aliwaangalia walimu, akaona mmoja wao ameinua simu anarekodi. Akatabasamu, akatoa yake, akapiga. Gari jeupe la bustani lilitumwa mjini kumchukua daktari wa wanyama. Kwa saa moja na nusu lilikuwa limekwenda na kurudi. Nimewaambia saa moja na nusu. Msisahau.

Daktari huyo anaitwa Magdaline. Alikubali kuzungumza nasi, na namshukuru. Alisema alipofika hakuona dalili kubwa, mtu mwingine angerudi mjini. Kisha Kamene akampa daftari.

"Nilisoma hizo kurasa nikiwa nimesimama," Daktari Magdaline alisema. "Kumi na nne, tano, sufuri. Mnyama wa porini huficha ugonjwa, lakini mtoto hawezi kuficha kwamba hana hamu ya mchezo. Nilipima. Maambukizi yalikuwa yameanza kwenye mapafu ya wote wawili. Siku mbili zaidi, yule mdogo tungempoteza. Yule mama ndiye aliyegundua. Si mimi."

Matibabu yalichukua siku nane. Walileta mashine ya kupiga picha ya kifua. Walileta vipasha joto. Dawa ilifichwa ndani ya ndizi iliyopondwa, na Mutinda, ambaye si mjinga, aliikataa mkono wa kila mtu isipokuwa mmoja. Kwa hivyo Kamene alikaa pale wavuni kutwa nzima, manyunyu yakimlowesha, siku nane, akiwabembeleza kwa Kikamba. Alipewa barakoa moja. Moja, wasikilizaji. Akaifua kila jioni Kongo, akaianika dirishani, asubuhi akaivaa ikiwa na unyevu.

Siku ya nane, Ijumaa, saa nne asubuhi, Mwende alimvuta Mutinda sikio. Mutinda akalala chali, makusudi. Daftari la siku hiyo lina neno moja, herufi kubwa, limejaza ukurasa: WAMECHEZA.

Jeconia alimkuta pale amekaa kwenye ndoo, analia na kukohoa kwa pamoja.

Daktari Magdaline naye alikuwepo. Alimuuliza, "Mama, hicho kikohozi ni cha siku ngapi?"

"Nne."

"Hebu nikusikilize kifua."

Na meneja, wasikilizaji wapendwa, meneja akacheka akasema, "Daktari, wewe ni wa wanyama. Usituharibie mtu."

Daktari anasema alimsikiliza hata hivyo, sikio lake na kifaa chake mgongoni mwa Kamene, na alichosikia hakikumpendeza. Akamgeukia meneja mbele ya mashahidi: huyu mama aende hospitali leo, si kesho. Meneja akajibu kwamba atampangia gari. Halafu akamgeukia Kamene. "Na usiwasogelee tena gorila ukiwa na hicho kikohozi. Utaniambukizia wanyama. Nenda nyumbani, gari litakufuata huko."

Akaenda nyumbani. Ijumaa ile gari halikuja.

Mtaniuliza, kwa nini aliliamini? Yvonne aliniuliza swali hilo hilo, akiwa amekaa hapa mbele yangu. Nadhani aliliamini kwa sababu aliliona kwa macho yake likienda mjini na kurudi. Mtu aliyetimiza neno lake miaka kumi na minne hudhani wengine nao hutimiza.

Jumamosi asubuhi Yvonne alipiga simu bustanini. Akaambiwa gari limetoka na wageni, likirudi litakuja. Mchana akapiga tena. Linakuja. Jumapili Jeconia akapiga kutoka Mashimoni. Linakuja.

"Nilimwambia, mum, twende na nduthi ya boda sasa hivi," Yvonne alisema. "Akaniambia, baridi ya nduthi itanimaliza, na gari imeshatumwa, tutapishana njiani. Nikamwambia, gari gani, mum? Hiyo gari haiji. Akaniambia usiongee hivyo kuhusu watu wa kazi yangu."

Jumatatu asubuhi Yvonne aliamka akakuta midomo ya mama yake imebadilika rangi. Hakungoja tena. Majirani wa ploti walimbeba Kamene kwa blanketi mpaka barabarani, mwenye duka akatoa pikapu yake ya mikate, wakampeleka hospitali. Hewa ya oksijeni ilikuwa inatumiwa na wagonjwa wengine. Aliipata alasiri. Daktari wa zamu aliuliza ameanza kuugua lini, akaambiwa. Kisha akasema, "Mngemleta Ijumaa."

Kamene Muia alifariki Jumanne, saa tisa mchana. Nimonia. Ugonjwa ule ule wa kifua uliokuwa umewashika watoto wawili wa gorila aliowaokoa.

Wasikilizaji, sina kinyongo na gorila. Mutinda na Mwende walistahili daktari, na Kamene angekuwa wa kwanza kuniambia hivyo. Hasira yangu iko mahali pengine. Ufahamu ulikuwepo. Daktari alikuwepo, akasema wazi. Gari lilikuwepo, lina mafuta, lina dereva. Wikendi hiyo yote lilikuwa linazungusha wageni kwenda kupigwa picha na watoto wa gorila waliopona. Kitu kimoja tu kilikosekana, mtu wa kuona kwamba mwanamke wa Kongo, Kawangware, anaweza kufa.

Picha zile ziko mtandaoni. Meneja ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyuma yake watoto wanapigana mieleka, na maneno yanasema timu makini ya bustani iligundua ugonjwa mapema. Chini ya picha hiyo, siku nne baadaye, ndipo ikaja ile mistari miwili. Hakuhusika.

Jeconia ndiye aliyetuletea ukweli. Alitembea kutoka Mashimoni hadi hapa studioni na madaftari matatu ndani ya mfuko wa unga, akaniwekea mezani. Madaftari yote yalikuwa kumi na moja. Manane yalichukuliwa kutoka stoo ya bustani wiki ya msiba, wakasema ni mali ya kampuni. Maandishi ya mtu ambaye, kwa maneno yao, hakuhusika.

Nilimwonya Jeconia kwamba akisema hewani anaweza kupoteza kazi.

"Dada Mideva," akanijibu, "kazi nitatafuta nyingine. Kamene sitapata mwingine. Washa hiyo kitu niongee."

Aliachishwa kazi Alhamisi iliyopita. Meneja naye nimempigia mara tatu. Mara ya tatu alipokea, akasema hana la kusema, akakata.

Lakini lipo moja alilosema, na si kwangu.

Kamene alizikwa nyumbani kwao karibu na Mwingi. Mama Ngina, miaka themanini na mbili, alitupa udongo kaburini akisema kwa Kikamba kwamba zamu hii ilikuwa yake yeye mzee, mbona kifo kimemchukua kitinda mimba. Jumamosi iliyofuata Yvonne alikuwa amerudi Kongo, anakunja nguo za mama yake, aliposikia gari mlangoni pa ploti. Lile jeupe. Meneja akashuka. Kina mama waliokuwa wakifua wakaacha kufua.

"Yvonne, pole sana. Mama yako alikuwa mtu mzuri."

"Asante."

"Nimekuja kwa jambo. Wale wadogo wametusumbua. Jioni hawaingii ndani. Yule wa kiume anakaa tu pale wavuni mpaka giza. Tumejaribu watu watatu." Akasafisha koo. "Sauti yako inafanana na ya mama yako. Nikafikiria, badala ya hiyo nafasi kwenda kwa mtu wa nje…"

"Nafasi gani?"

"Ya mama yako."

"Ya kufanya nini?"

"Ya gorila. Kuwatunza."

Yvonne aliniambia hakupandisha sauti. Majirani nao wamethibitisha, hakuipandisha. Aliingia chumbani, akatoka na simu, akaitafuta ile mistari miwili, akamwekea meneja mbele ya macho.

"Soma."

Meneja hakusoma.

"Basi nitakusomea. Marehemu hakuhusika na utunzaji wa gorila. Hiyo ni nyinyi mmeandika. Sasa niambie, hiyo nafasi unanipatia ilikuwa ya nani?"

Meneja aliangalia simu, akaangalia kina mama, akaangalia viatu vyake. Akasema haya mambo yanaandikwa na watu wa ofisi. Yvonne akamwambia awaambie watu wa ofisi wafute, waandike upya, waweke jina lake lote na miaka yake kumi na minne, na warudishe madaftari manane. Akaongeza kwamba hata wakifanya hayo yote, kazi yao haitaki. Gari likageuza. Mmoja wa kina mama, nimeambiwa, alimwaga maji ya sabuni njiani nyuma yake, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Hadi ninapozungumza nanyi jioni hii, mistari ile ingalipo. Haijafutwa. Lakini wafanyakazi kumi na saba wa bustani wametia sahihi barua, wakidai wapimwe afya zao kama wanyama wanavyopimwa, na Daktari Magdaline ameiambatanisha na barua yake mwenyewe, akieleza aliyoyasikia kifuani mwa Kamene siku ile na aliyoyasema. Barua zimefika kwa wakaguzi wa kazi. Zimepokelewa, zimepigwa muhuri. Sisi tutauliza kila wiki zimefika wapi.

Na watoto? Jeconia huulizia kwa waliobaki. Wiki mbili Mutinda alikaa wavuni. Sasa wameanza tena, Mwende na gunia lake, Mutinda na kizunguzungu chake. Wanacheza. Hayupo wa kuandika.

Kwako Yvonne, nakupa pole, na nakuambia mbele ya wote wanaosikiliza: kosa si lako. Ulimtii mama yako, na mama yako aliamini ahadi aliyopewa. Kwako Wambua, na kwa Mama Ngina huko Mwingi, Mungu awape nguvu ambazo sisi hatuna za kuwapa. Kwako Jeconia na Filister hapa Mashimoni, asanteni, na mwenye kazi ya mtu mwaminifu ampigie Jeconia kupitia namba yetu.

Kwenu nyote, wasikilizaji wapendwa, naomba mtafakari jambo moja. Likizo inakuja, wengine mtawapeleka watoto kuangalia wanyama. Kibao kitawaambia jina la kila mnyama, umri wake na chakula anachopenda. Kando ya kibao mtamwona mtu amevaa gambuti. Muulizeni jina. Muulizeni analolijua. Watoto wenu wamsikie akijibu.

Huyu wetu aliitwa Kamene Muia. Aliishi Kongo, Kawangware. Alikuwa mtunzaji wa gorila.